ALIANZA NA UFAGIO, AKAISHIA ANGANI

Huku Mwakitolyo ni vumbi la karasha kama kawaida, asubuhi ukipiga mswaki unatema tope.

Juzi kijiweni kulikuwa na kasheshe. Dogo mmoja anayebeba viroba vya mawe alimwomba fundi amfundishe mashine. Fundi akamjibu mbele za watu: "Wewe beba viroba, mashine ina wenyewe." Watu mbavu hawana! Mimi sikucheka, nilimkumbuka jamaa mmoja aitwaye John Robinson.

Huyu bwana alikuwa Mmarekani mweusi, amekulia Gulfport, Mississippi, enzi zile mweusi anakaa siti ya nyuma. Alisomea ufundi wa magari Tuskegee, kisha akahamia Chicago na kiu yake ya kurusha ndege. Shule ya urubani ya Curtiss-Wright ikamtolea nje kwa sababu ya ngozi. Unajua alifanya nini? Akaomba kazi ya kufagia palepale! Ufagio mkononi, masikio kwa mwalimu. Mwishowe wakampokea kama mwanafunzi, akahitimu mwaka 1931.

Mwaka 1935 akaenda Ethiopia kwa Mfalme Haile Selassie, Waitalia wakiwa mlangoni. Huko akakutana na rubani mwingine mweusi, Hubert Julian, bingwa wa kujisifu, ambaye mwaka 1930 aliibamiza chini ndege ya mfalme. Basi wawili hao si wakatwangana makonde hotelini Addis Ababa! Julian akatimuliwa, Robinson akapewa ukanali na ukuu wa jeshi la anga.

Jeshi lenyewe sasa! Ndege chache, kuukuu, bila silaha za maana. Alipeleka ujumbe na dawa vitani, Waitalia wanamwinda juu, na chini wanamwaga gesi ya sumu. Aliporudi Marekani mwaka 1936, maelfu walimlaki Harlem na Chicago. Mwaka 1944 akarejea Ethiopia kufundisha marubani, na huko ndiko alikofariki mwaka 1954 baada ya ndege yake kuanguka. Kaburi lake liko Addis Ababa.

Dogo nilimsimulia yote haya, akanyamaza kimya. Jana nimemwona anafagia chini ya karasha, kazi ambayo hakutumwa na mtu, macho yote kwenye injini. Fundi, kama unasoma hapa, mimi sijasema kitu.

Tuonane wiki ijayo!