Simu Asiyoijua Mama



Pesa ya pamba ikishalipwa, nyumba nyingi za huku kwetu hupata kitu kipya. Zamani kilikuwa baiskeli au redio. Siku hizi ni simu janja. Haipiti wiki mbili, mtoto wa kidato cha pili anakuja jioni na daftari lake mkononi: "Mama, naomba simu, nitazame somo la Baiolojia." Mama afanye nini? Akimpa, hajui atafungua nini. Akimnyima, anabaki akijiuliza kama hakumnyima elimu. Wengi mmeniuliza jambo hili, na yafaa tulitazame mwezi huu bila woga na bila ushabiki.

Kwanza tukubali kwamba vyombo hivi vinafundisha. Wale wenye umri mkubwa kati yetu wanakumbuka kampeni ya redio ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, ambapo watu wazima wapatao milioni 2 nchini walijifunza habari za choo, maji safi na malaria. Kwa upande wa watoto, tangu mwaka 2014 kipindi cha Ubongo Kids, kinachotengenezwa Dar es Salaam, kimekuwa kikifundisha hisabati na sayansi kwa katuni. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanyika Morogoro, nao ulionyesha kwamba watoto wadogo waliotazama kipindi cha Akili and Me waliwapita wenzao katika kuhesabu, kutambua namba na kujua maumbo. Aidha, shule zilipofungwa kwa ajili ya Korona tarehe 17 Machi 2020, masomo yalitolewa kwa redio na televisheni. Mtoto ambaye nyumba yao haikuwa na chombo chochote alikaa miezi mitatu bila somo.

Mfano mkubwa kuliko yote ulitokea mkoani Tanga kati ya mwaka 2017 na 2019. Watoto karibu 3,000 wa vijiji wapatao 170, wengi wao wakiwa hawajawahi kukaa darasani, walipewa vishikwambi vyenye masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Mwanzoni, zaidi ya watoto 9 kati ya 10 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma ilikuwa imepungua kwa nusu. Umeme ulitoka kwenye sola, na akina mama wa vijiji hivyo ndio waliopewa kazi ya kuvitunza na kuvichaji. Tuseme kweli, hiyo ni habari ya kufurahisha.

Hata hivyo, tutazame vizuri vishikwambi vile vilikuwa na nini ndani. Vilikuwa na masomo tu. Havikuhitaji intaneti, havikuwa na kamari, wala havikuwa na mtu wa mbali anayeandika, "Mambo mrembo." Simu unayoinunua dukani Bariadi haiko hivyo; somo na uchafu vimekaa humo pamoja, na mtoto huhitaji kidole kimoja tu kuhama kutoka hapa kwenda pale.

Tena, chombo peke yake hakimfanyi mtoto awe na akili. Nchi ya Peru, huko Amerika ya Kusini, iligawa kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu ya watoto wa shule. Utafiti uliotolewa mwaka 2012 kuhusu shule za vijijini haukuona kwamba watoto hao wamewapita wenzao katika hisabati wala lugha. Siku hizi pia mtoto anaweza kuiambia simu imwandikie insha, nayo ikaandika yote. Daftari litajaa, kichwa kitabaki kitupu, na siku ya mtihani wa taifa simu haiingii chumbani.

Sasa nigusie hofu ambayo mama huisema kwa sauti ya chini: "Nikimpa binti yangu simu, si ataniletea mimba?" Hofu hii si ya kuchekwa. Mwaka 2022 ilitolewa ripoti ya utafiti uliowahusu watoto wa Tanzania wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti. Ilikadiriwa kwamba katika mwaka mmoja watoto wapatao 200,000 walikuwa wametendewa ukatili wa kingono kwa njia ya mtandao: kutishwa, kuhongwa, au picha zao kusambazwa bila ridhaa yao. Na mkosaji mara nyingi si mgeni wa mbali, bali ni mtu ambaye mtoto anamjua.

Kwa sababu ya hofu hiyo, nyumba nyingi zimefanya uamuzi ambao naomba tuupime upya. Kaka anapewa simu, dada ananyimwa. Kaka huyo huyo ndiye anayeonekana kwenye kibanda umiza hadi usiku, na pengine anabeti fedha ya daftari, lakini hakuna anayemwuliza kwa kuwa ni mwanaume. Dada anachota maji, anapika, anaosha vyombo, na akimaliza giza limeingia. Halafu matokeo yakitoka twasema binti hana kichwa cha hesabu.

Tena kumnyima binti hakumwondolei simu. Kunampeleka kwa mwenye kumpa. Kijana wa bodaboda atampa, au mtu mzima mwenye duka, naye ataificha chini ya godoro au kwa rafiki yake. Simu ya namna hiyo si zawadi. Aliyeitoa siku moja atataka malipo yake. Ndiyo maana nasema kwamba simu ya hatari kuliko zote si ile iliyo mezani kwako. Ni ile usiyoijua.

Basi tufanyeje? Nawapa mambo sita ambayo hayahitaji fedha nyingi.

1. Simu ya kusomea iwe ya nyumba, si ya mtoto. Itumike mahali watu walipo, uwanjani au sebuleni, kwa muda unaojulikana. Usiku ilale kwa mama, isilale na mtoto. Kwa watoto wadogo, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba aliye chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Usimpe mtoto mchanga simu ili anyamaze.

2. Mwulize mwalimu kabla ya kununua bando. Walimu wa shule za serikali waligawiwa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni. Mwalimu akuandikie kwenye karatasi ni somo gani na kitabu gani. Mtoto akija na ile karatasi, unajua amekuja kusoma.

3. Usione haya kwamba hujui kusoma vizuri. Mama mmoja aliniambia, "Mimi darasa la nne tu, nitamkagua vipi?" Mwambie mtoto akueleze kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma mkipenda, alichojifunza. Aliyeelewa ataeleza, aliyekuwa akichezea simu atababaika. Kukagua kwa namna hiyo hakuhitaji cheti.

4. Wapange watoto kwa vikundi. Ile kampeni ya mwaka 1973 ilifaulu kwa sababu watu walikaa kwa makundi, wakasikiliza pamoja, wakajadiliana, na kulikuwa na mtu wa kuwaongoza. Kikundi chenu cha vikoba au cha akina mama wa kanisani chaweza kufanya hivyo. Simu moja, watoto watano, Jumamosi alasiri chini ya mwembe, na mama mmoja wa zamu. Bando mnachangia, na yule mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna simu naye anapata.

5. Gawa kazi za nyumbani kwa haki. Binti anahitaji saa moja ya mwanga sawa na kaka yake. Mvulana akichota maji hapungukiwi na kitu. Jambo hili zungumzeni na baba watoto mkiwa wawili, kwa utulivu, kabla halijawa ugomvi mbele ya watoto.

6. Mtoto ajue kwamba akipatwa na jambo baya atakuja kwako wala hatapigwa. Mwenye kumtisha mtoto hutegemea kitu kimoja tu, yaani hofu ya mtoto kwa mzazi wake. Humwambia, "Usiponitii nitamtumia mama yako picha hizi." Mtoto akijua kwamba mama atasimama upande wake, kamba hiyo imekatika. Zungumza naye mapema, kabla hapajatokea lolote. Likitokea, usifute ujumbe, maana ndio ushahidi. Nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, au piga simu namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo ni bure. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeweka adhabu kwa wanaosambaza picha za ngono za watoto.

Kule Tanga vyombo vilikuwa vizuri, lakini mama ndiye aliyevichaji na kuvitunza. Nasi kazi yetu ni hiyo hiyo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na simu haijabadilisha methali hiyo. Imeongeza tu mlango mmoja ambao mama hana budi kujua ufunguo wake uko wapi.

Jioni hii, kabla ya kulala, mwite binti yako umwulize kwa upole: "Mwanangu, kuna mtu amekupa simu?" Akikujibu, msikilize mpaka mwisho kabla hujasema neno.