Mgonjwa wa ini akirudi kutoka kwenye miale

Huku Mashariki hatuna mashine ya kutibu kansa kwa miale. Zamani mwenye uwezo alipanda ndege Goma kwenda Kinshasa, au alivuka mpaka kwenda Kampala, kwenye Taasisi ya Kansa pale Mulago, au Kigali, ambako hospitali ya kijeshi ya Kanombe ilianza kutoa miale mwaka 2019. Januari 2025 vita vilifunga uwanja wa ndege wa Goma, na mabenki ya mji yakafunga pia. Kwa wengi ikabaki njia ya mpaka tu. Familia inauza shamba, parokia inachanga, mgonjwa anakwenda, anarudi, na Jumapili tunapiga makofi ya shukrani.

Halafu tunamsahau. Uuguzi wenyewe ndipo unapoanza.

Tuseme wazi: kwa kansa ya ini, mara nyingi miale haitolewi ili kuondoa ugonjwa wote. Hutolewa kupunguza maumivu au kuzuia uvimbe usiendelee kukua. Tulimtembelea baba mmoja aliyerudi na bahasha ya karatasi za Kiingereza. Muuguzi wa kituo cha afya, mtu wa bidii, anasoma Kifaransa. Bahasha ilikaa juu ya kabati wiki sita. Ndani yake mliandikwa kwamba asiache dawa ya hepatiti B, lakini chupa ilikuwa imeisha naye akaona amekwisha kutibiwa.

Hepatiti B ni chanzo kikubwa cha kansa ya ini katika Afrika, na miale inaweza kuamsha virusi vilivyotulia. Dawa yake, tenofovir, hutumika pia kwa wenye ukimwi. Kwa hiyo kuna mgonjwa anayeficha chupa ili majirani wasimfikirie vibaya, na kuna mwingine anayeambiwa dawa hiyo si ya hepatiti, akanunue mwenyewe. Mambo yote mawili yanaua.

Uchovu wa wiki za kwanza ni wa kawaida. Apumzike, atembee kidogo. Ngozi iliyopigwa miale ioshwe kwa maji bila kusuguliwa, isipakwe mafuta ya manukato wala dawa za majani, isichomwe na jua. Lakini kati ya wiki ya pili na mwezi wa nne, tumbo likijaa maji, uzito ukipanda ghafula au macho yakiwa ya manjano, huenda ini limeumizwa na miale yenyewe. Arudishwe kwa daktari. Akitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, msingoje asubuhi.

Kwa maumivu, ibuprofen na diclofenac za dukani zinaweza kumtoa damu tumboni na kuharibu figo. Paracetamol ni afadhali, lakini isizidi vidonge 4 vya miligramu 500 kwa siku, isipokuwa daktari ameagiza vingine. Maumivu yakizidi hapo, aombewe morfini hospitalini, si dhambi. Kasiksi na kanyanga, hata kidogo, hapana.

Kuna jambo moja linalotuumiza kulisema. Ini likichoka, sumu hupanda kwenye ubongo. Mgonjwa analala mchana, anakesha usiku, mikono inatetemeka, anasema maneno yasiyoeleweka, anamkataa mke wake. Tunajua vyumba vya maombi ambako mtu wa namna hiyo alihesabiwa kuwa na pepo, akafungishwa kula siku tatu. Kufunga kunamharibu zaidi. Anahitaji kula kidogo kidogo mara nyingi, hata kabla ya kulala: uji, maharagi, sambaza, yai, chumvi ikipunguzwa kama tumbo limejaa. Choo kisikauke, kikikauka, sumu inaongezeka. Kwa hiyo madaktari humpa dawa ya maji iitwayo lactulose, naye aende choo mara 2 au 3 kwa siku. Tumwombee, ndiyo, tukiwa njiani kumpeleka hospitalini.

Kwa halmashauri za parokia tunaomba hivi. Mchango wa mgonjwa usiishie kwenye nauli na mashine. Sehemu yake iwekwe kwa miezi minne ya nyumbani, kwa dawa, chakula na pikipiki ya usiku. Na anayemsindikiza asitoke hospitali ya ng'ambo bila barua ya Kifaransa yenye orodha ya dawa na namba ya simu ya daktari. Nakala moja akabidhiwe muuguzi wa kituo siku ileile ya kurudi, kabla ya ibada ya shukrani.