Kawawa Alipokuwa Mcheza Sinema

Na Saidi Ntandu, Mwankoko

Jumamosi iliyopita jirani yangu aliniita nimkanye mwanawe. Kijana na wenzake wanaigiza filamu kwa simu, kwenye vijia vya mashamba ya alizeti hapa Mwankoko. Siku hiyo aliruka kutoka kwenye bodaboda iliyo mwendoni, akarudi nyumbani anachechemea, goti linavuja damu. "Mzee Ntandu, mwambie aache uhuni," mama akaniomba.

Kuhusu pikipiki nilimkanya, tena kwa ukali. Kuhusu kuigiza sikuweza, maana ningekuwa namvunjia heshima Rashidi Mfaume Kawawa.

Sote tunamjua Simba wa Vita. Tunajua kwamba Januari 1962, Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu, kiti alikabidhiwa yeye. Lakini miaka 10 hivi kabla ya hapo Kawawa alikuwa mcheza sinema. Akiwa mtumishi wa serikali katika maendeleo ya jamii, alikuwa mwigizaji mkuu wa Muhogo Mchungu, moja ya filamu za mwanzo kabisa za Kiswahili nchini: habari ya mtu wa shamba anayekwenda mjini na kulizwa na wajanja. Serikali ya kikoloni ilizitaka filamu hizo ziwe za mafunzo. Watu waliokaa chini usiku mbele ya shuka jeupe, gari la sinema likinguruma, nadhani walitaka zaidi ya mafunzo. Walitaka kumwona mwenzao akisema lugha yao.

Kawawa, kijana wa Songea, alijifunza humo kusimama mbele ya watu na kueleweka hadi na asiyejua kusoma. Mwaka 1955 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL. Mimi siamini kwamba kazi hizo mbili hazikuhusiana.

Mwaka 1962, Kawawa akiwa waziri mkuu, Marekani ilitoa filamu ya Hatari!, iliyopigwa huku kwetu, upande wa Arusha. John Wayne na wenzake walifukuza vifaru kwa magari, wao wenyewe. Katika picha hizohizo wamo vijana wa Kiafrika wakihangaika na kamba mbele ya mnyama mwenye hasira. Jina la Wayne linajulikana hadi vijiweni. Ya wale vijana hatuyataji, na jambo hilo linaniuma.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. "Kawawa huyuhuyu?" akauliza. Naye kijana akataka kujua ataiona wapi Muhogo Mchungu, nami sikuwa na pa kumwelekeza. Wizara yenye dhamana ya sanaa izitafute filamu zile popote zilipo, TBC izioneshe, na siku moja zioneshwe kwenye shuka hapa kwetu, uwanja wa shule upo.

Mama amekubali mwanawe aendelee, ila pikipiki iwe imesimama.