Tovuti inang'aa kwa leptopu yako, kwa simu ya Kawangware je?

Kuna tabia ya wasee wanaounda tovuti hapa Nairobi inayonikera. Mtu anafanya kazi kwa Chrome mpya, skrini pana, kila kitu fiti, anaitisha malipo. Lakini mteja wake ni fundi wa nguo soko la Toi ama mama wa saluni Kawangware 46, na wanaofungua hiyo tovuti wako na simu ndogo, Opera Mini, bando za kuhesabu.

Shida nyingi huanza na kitu kidogo sana. Kwa HTML, p na div ni za bloku: kila moja hushika mstari wake, ukiipa upana inatii. Span na a ni za mstarini, zinabanana na maneno kama abiria wa matatu. Ipe span upana uone kama itakusikia. Linki nayo ukiiongezea nafasi juu na chini ndio ifanane na kitufe, rangi yake inapanda juu ya maneno ya jirani. Kwa leptopu hauoni. Kwa simu, "Tuma ombi la basari" inakatika vipande viwili, kimoja huku, kingine kule.

Halafu kila brauza ina mitindo yake ya kuzaliwa nayo. Internet Explorer, iliyostaafishwa na Microsoft Juni 2022, haikuijua tagi ya main, ikaichukulia ya mstarini. Opera Mini ikiwa katika hali ya kubana data kabisa, ukurasa hupikwa kwanza kwenye seva zake, simu inaletewa uliobanwa.

Dawa ni mistari michache tu ya CSS. Andika display mwenyewe: linki ya kitufe iwe inline-block, main iwe block, picha pia iwe block ndio ile nafasi ya ajabu chini yake ipotee. Usiachie brauza ikuamulie.

Najua jibu lenu: "Hao ni wachache." Wachache kwa nani? Kijana wa Gatwekera anayeomba basari usiku wa mwisho, kitufe kikikataa, hana leptopu ya kujaribu tena. Saiba imefungwa.

Na wewe mama wa saluni, usitoe balansi kabla tovuti haijafunguka kwa simu yako mwenyewe.