Lugoba: Wasifu wa marehemu ukishasomwa, unaenda wapi?

Kwenye mazishi mengi ya Kikristo nchini, karatasi ya ratiba sasa ni kama lazima. Mbele picha ya marehemu, ndani wasifu: kazaliwa wapi, kasoma wapi, kaugua nini, kaacha watoto na wajukuu wangapi. Inachapwa usiku steshenari, inagawiwa asubuhi, na mwezi ukiisha haionekani tena.

Marekani, kuna maktaba za umma zinazozikusanya. Ile ya Augusta, jimbo la Georgia, ina ratiba zaidi ya 1,000 za mazishi ya Wamarekani weusi, za kuanzia 1933 hadi 2008, na zinasomwa bure mtandaoni. Atlanta, Maktaba ya Utafiti ya Auburn Avenue ina zaidi ya 3,000. Enzi za ubaguzi magazeti ya wazungu yaliandika vifo vya weusi kwa nadra sana, kwa hiyo kwa familia nyingi karatasi ile ndiyo maandishi pekee yaliyobaki.

Mkulima wa Lugoba naye haandikwi gazetini. RITA itatoa cheti cha kifo, lakini cheti hakisemi kwamba bibi huyu alizalisha nusu ya kijiji.

Wataalamu wa kuanzisha mkusanyo wa namna hii hawako mbali. Bodi ya Huduma za Maktaba ina chuo cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka palepale Bagamoyo. Vifaa navyo si vya kutisha: skana, au hata simu yenye kamera nzuri, na orodha ya jina, mwaka, kijiji na ukoo.

Shida iko kwingine. Lugoba ni Ukwereni, na Waislamu ni wengi. Mtu akifa alfajiri, alasiri kashazikwa. Steshenari utaenda saa ngapi? Habari zake zinasimuliwa mkekani kwenye matanga, na tena siku ya arobaini. Tangazo la msiba linapita WhatsApp, na simu ikiharibika nalo limekwenda. Maktaba ikikusanya karatasi tu, itajaza walimu na watumishi waliohamia, na wenyeji wenyewe hawatakuwemo. Wazee warekodiwe sauti siku ya arobaini, familia ikiridhia, na rekodi ziwekwe pamoja na hizo karatasi.

Halafu kuna walio hai. Wasifu hutaja watoto kwa majina, na mara nyingine namba ya simu ya kupokea rambirambi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na maktaba haiwezi kujifanya haiijui. Isitoshe, wasifu huandikwa na ukoo, na ukoo una siri zake. Mtoto wa nje ya ndoa akirukwa kwenye karatasi, machungu yake yanabaki pale msibani. Akirukwa mtandaoni, kila atakayetafuta jina la baba yake ataona hayumo, na kwenye ugomvi wa mirathi kuna ndugu atakayeifungua simu kuonyesha.

Kwa hiyo kabla ya skana kununuliwa, kuna la kuamua: nani anaruhusiwa kuongeza jina lililoachwa, na je, maktaba itaweka maelezo yake kando ya yale ya ukoo hata kama ukoo utakataa?