Uchunguzi wa Sukari na Mkulima Asiyesikika

Sukari ikipanda bei nchini Kenya, serikali hufungua milango ya forodha. Mkulima akilalamika, huundwa kamati ya uchunguzi. Mtindo huu umezoeleka Awendo katika kaunti ya Migori, kilipo kiwanda cha Sony, na Ndhiwa katika kaunti ya Homa Bay, kilipo kiwanda cha Sukari Industries. Swali ni hili: uchunguzi huo humfaidi nani?

Mwaka 2017, ukame ulipopunguza miwa, serikali iliruhusu sukari iingizwe bila ushuru. Zikaingia takriban tani 990,000, karibu mara tatu ya zile za mwaka 2016. Mwaka 2018 Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, akatangaza kuwa sukari iliyonaswa ilikuwa na zebaki na shaba. Kamati ya pamoja ya Bunge la Taifa ikachunguza; mwezi Agosti ripoti yake ikakataliwa bungeni, huku kukiwa na madai ya hongo.

Zebaki ikatawala mjadala, bei ya muwa ikasahaulika. Isitoshe, neno "magendo" lilibandikwa sukari yote, iliyopitia njia za panya na iliyoingia kwa idhini. Wanafunzi wa lugha wanaelewa hatari yake: neno moja likifunika mambo mawili, aliyetoa idhini hujificha nyuma ya mlanguzi.

Muwa huchukua takriban mwaka mmoja na nusu kukomaa. Ukishakatwa hauingojei kamati. Hupoteza uzito na utamu kwa siku chache tu.

Wapo watakaodai kuwa viwanda vyenyewe vimelemewa na madeni, na kwamba mlaji ana haki ya sukari nafuu. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, maradhi ya kiwanda si sababu ya kumficha mkulima kiasi kitakachoagizwa na muda wake. Sheria iliyotungwa mwaka 2017 iliunda wakala wa kuchunguza bidhaa za nje zinazowadhuru wazalishaji wa nchini. Hapana budi uchunguzi uanze mapema, vikao viketi Awendo na Ndhiwa, na ripoti ziandikwe pia kwa Kiswahili, lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2010.

Wahenga walinena kuwa fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Muwa nao ni wa jamii ya nyasi.