Volan ikikaza, tusikimbilie kumhukumu shofere

Kindu – Gari ndogo ikiingia mtaroni kwenye barabara ya kuelekea Pangi na Kama, hukumu inatolewa kabla abiria wa mwisho hajavutwa inje. Shofere alikuwa amelewa. Shofere alikuwa anaongea na simu. Na kama hakunywa wala hana simu, basi kuna mtu amemfunga kwa uchawi. Hakuna anayepiga magoti kuangalia chini ya gari.

Wangeangalia, mara nyingi wangekuta mafuta mekundu yanadondoka kwenye tiyo, au mkanda wa pompa umekatika. Madereva wa Kasuku, wa Mikelenge na wa Alunguli wanasimulia habari zinazofanana. Asubuhi volan ilikuwa laini, kidole kimoja kinatosha kuizungusha. Katikati ya safari ikawa nzito kama jiwe, mahali penyewe ni kona, mbele kuna daraja la magogo. Mwingine anasema ilianza na mlio, kama mbuzi anayelia, kila alipokata kona. Alimwambia mwenye gari. Mwenye gari akamjibu: maliza wiki kwanza.

Jibu hilo ndilo linaangusha watu, na ndilo halisemwi siku ya msiba.

Shofere wengi wa Kindu si wenye gari. Gari ni ya bosi, na kila jioni shofere anapaswa kumletea verseme, pesa iliyopangwa mapema, mvua inyeshe isinyeshe, abiria wapatikane wasipatikane. Siku gari inalala garaji, verseme inahesabiwa kama deni, au shofere anaambiwa arudishe funguo kwa sababu kuna vijana kumi wanaoisubiri. Mtu aliyebanwa hivyo atafanya nini akiona mafuta ya direksiyo yamepungua? Atajazia chochote kilicho karibu. Wako wanaotia mafuta ya moteri. Wako wanaotia mafuta ya freni, na hayo ni sumu kabisa: yanavimbisha lastiki za ndani na kuziharibu, na tiyo iliyokuwa inatoa jasho tu inaanza kumwaga. Pompa inazunguka bila mafuta ya kutosha, inapata joto, inajikula yenyewe. Mafuta yanayofaa yanauzwa mjini. Chupa moja haifiki hata sehemu ndogo ya bei ya pompa.

Hiyo ni habari ya Hiace na Corolla za miaka ya 90, zenye pompa inayovutwa na moteri kwa mkanda. Gari ndogo mpya kidogo, kama IST na Vitz nyingi, hazina pompa wala mafuta hayo. Zinasaidiwa na moteri ndogo ya umeme, na umeme huo unatoka kwenye batri. Batri ikichoka, waya wa masi ukiota kutu, au maji yakiingia kwenye viungo vya waya, kompyuta ya gari inaukata msaada. Taa inawaka mbele ya shofere, yenye alama ya volan au herufi P/S au EPS. Taa hiyo haikuwekwa pale kwa urembo. Lakini gari ngapi zinazobeba watu zinatembea na kipande cha utepe mweusi juu yake, ili abiria wasiulize?

Jambo moja wasikilizaji walishike, na madereva zaidi: msaada ukikatika, volan haikatiki. Magurudumu bado yanaitii, ila inataka nguvu ya mikono miwili na mwendo mdogo. Anayelijua hilo anashika vizuri, anapunguza mwendo, anatafuta mahali pa kusimama. Asiyelijua anashtuka, anadhani gari imekataa kabisa, anaachia. Hapo ndipo watu wanakufa, kwenye zile sekunde mbili tatu za kushangaa.

Kuna kosa lingine ambalo ni la shofere mwenyewe, na hakuna haja ya kumficha. Ni kuzima moteri kwenye mteremko ili kubania mafuta. Moteri ikizimwa, pompa ya direksiyo inasimama, na msaada wa freni unabaki wa kukanyaga mara moja au mbili tu. Ufunguo ukirudishwa mpaka mwisho, volan inaweza kujifunga yenyewe. Kushuka kilima na familia tisa ndani, bila direksiyo na bila freni, kwa sababu ya nusu lita! Bei ya mafuta Kindu inauma, kila mtu anajua. Lakini nusu lita hiyo haijawahi kufikia bei ya jeneza.

Tuone sasa jinsi inchi zinazotengeneza gari hizi zinavyofanya. Tarehe 2 Machi 2010, kiwanda cha General Motors cha Marekani kilitangaza kuita gari ndogo milioni 1.3 zirudi kutengenezwa, nyingi zikiwa Chevrolet Cobalt, kwa sababu ya moteri ya umeme ya direksiyo. Serikali ya kule ilikuwa imepokea malalamiko zaidi ya 1,100 ya madereva. Hawakuambiwa wamelewa. Malalamiko yao yaliandikwa, yalihesabiwa, na kiwanda kikalipa. Mwaka 2012, mwezi wa Novemba, Toyota nayo iliita gari milioni 2.77 duniani, nyingine kwa ajili ya chuma kinachounganisha volan na magurudumu, nyingine kwa ajili ya pompa ya maji. Kila mwenye gari kule alitafutwa kwa namba ya shasi.

Nani amemtafuta mwenye gari wa Kindu? Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilisema mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018, gari zilizotumika milioni 14 zilitoka Ulaya, Japani na Marekani kwenda inchi zingine, na sehemu kubwa ilikuja Afrika. Gari inashuka bandarini, inauzwa, inauzwa tena, inavuka mipaka, inapakiwa kwenye treni ya SNCC kutoka kusini, mpaka inafika kwenye mto Lualaba na mikono minne au mitano imepita juu yake. Barua ya kiwanda ilibaki kwa mtu wa kwanza. Nyingine zilikuwa na volan ya kuume, fundi akakata, akachomelea, akaihamishia kushoto. Serikali ya Kinshasa ilishatoa amri juu ya gari za volan ya kuume na gari za zamani mno. Amri ziko kwenye karatasi, gari ziko barabarani.

Na kwenye barabara hiyo kinachopimwa ni karatasi. Kwenye kizuizi shofere anaulizwa bima, vinyeti, permi, kontrole teknike. Anayezionyesha zote anapita, hata kama volan inacheza robo ya mzunguko kabla gurudumu halijasogea. Asiyezionyesha naye anapita, kwa njia ambayo kila abiria ameiona kwa macho yake. Kila lita ya mafuta inakatwa pesa ya FONER, mfuko wa kutunza barabara uliowekwa na sheria ya 2008, lakini mashimo ya hapa yanaendelea kuvunja rotili na kupasua tiyo. Wanainchi wanalipia barabara wasiyoipata, halafu wanalipia ukaguzi usiofanyika.

Wanaobeba mzigo wa haya yote ni wale wasio na uchaguzi. Tangu Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mwisho wa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, familia zilizokimbia vita zimekuwa zikiingia Maniema. Mama mwenye watoto wanne, magodoro juu ya gari na sufuria kwenye magoti, hawezi kumwambia shofere: zungusha volan nione. Anaogopa kuachwa. Anaambiwa asogee, kuna nafasi ya mtu mmoja zaidi. Uzito huo wote unaelemea direksiyo iliyokwisha kuchoka. Gari za mashirika ya misaada zinapimwa kabla ya kutoka parkingi. Pine, freni, mafuta, kila kitu kinaandikwa. Anayesaidiwa anasafiri na gari ambayo anayemsaidia asingekubali kuipanda.

Wengine watasema: mkikaza ukaguzi, bei ya kiti itapanda na Kama itabaki bila gari. Hoja hiyo inasemwa sana na wenye gari, si na wenye kufiwa. Ukaguzi wa direksiyo hautaki mashini za Ulaya. Unataka shimo moja lililochimbwa parkingi, fundi mmoja mwenye tochi, na dakika kumi. Moteri iwashwe, volan izungushwe kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho. Kiangaliwe kiasi cha mafuta na rangi yake, zishikwe tiyo, ubonyezwe mkanda. Utepe mweusi utolewe kwenye taa. Gari iliyoshindwa isipakie, na jina liandikwe la mwenye gari, si la shofere peke yake. Siku bosi ataitwa polisi kwa gari aliyoambiwa ni mbovu na akajibu "maliza wiki kwanza", pompa nyingi zitabadilishwa Kindu hata kabla ya Jumatatu.

Komine zinajua parkingi ziko wapi. Chama cha madereva kinawajua wenye gari kwa majina. Pesa ya kumlipa fundi huyo inakusanywa tayari, kila asubuhi, gari kwa gari, kwenye kizuizi cha kutoka mjini.